Kidole Juu ya Mshipa

“Weka hapa,” Nyangeta aliniambia, akauchukua mkono wangu na kuubandika kwenye kigasha chake cha kushoto. Chini ya ngozi kulikuwa na mshipa mnene uliojipinda kama kamba iliyotupwa ovyo, na ulikuwa unatetemeka. Haukuwa unapiga tu kama mapigo ya kawaida. Ulikuwa unanguruma, kama paka aliyelala karibu na jiko. Nilitaka kuondoa vidole, akanizuia. “Haya, mwalimu, hiyo ni vena au ateri?” akauliza, macho yamejaa ule ujeuri wake wa tangu Fomu Tatu. Nikamjibu kwamba kwa jinsi ilivyo juu juu ni vena, lakini vena haitetemeki. “Ilikuwa vena,” akasema. “Wameipa kazi nyingine, na yenyewe ikakubali.”

Tulikuwa kwenye chumba cha kusafishia damu, hospitalini mjini Musoma, mwaka huu huu. Figo za Nyangeta zimegoma. Mara tatu kwa wiki anakaa kwenye kiti kirefu cha ngozi bandia, damu yake inatoka, inapita kwenye mashine, inarudi. Mashine hiyo ina haraka. Vena ya kawaida haiwezi kuitosheleza, kwa sababu damu ndani ya vena inatembea taratibu, haina msukumo. Ateri ina msukumo wa kutosha, lakini imejificha chini kabisa ya nyama, na kuitoboa kila baada ya siku mbili ni kuchezea uhai. Kwa hiyo daktari alimpasua kidogo karibu na kiwiko akaunganisha ateri na vena moja kwa moja. Vena ile iliyozoea maisha ya pole ikaanza kupigwa na msukumo wa moyo. Baada ya majuma kadhaa ukuta wake ukaongezeka unene, ikatanuka, ikawa mshipa unaoweza kuchomwa sindano nene. Mimi nimefundisha biolojia Bunda mpaka nikastaafu. Nimechora ubaoni vile viduara viwili, kimoja chenye ukuta mnene na tundu dogo, kingine chenye ukuta mwembamba na tundu pana, mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu. Sikuwahi kuwaambia wanafunzi wangu mahali nilipojifunza tofauti ya mishipa hiyo. Nilikaa kando ya kiti cha Nyangeta nikaona haya kidogo, maana hadithi yenyewe ni yake.

Ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati ambapo ukiona watu wamesimama mstari unajiunga kwanza, halafu ndiyo unauliza kinagawiwa nini. Shule yetu ilifunga bweni kwa kukosa unga na maharage. Wanafunzi wa mbali wakaambiwa watafute pa kukaa mjini au warudi makwao. Nyangeta alikuwa wa Butiama, na mjini hakuwa na mtu. Mimi nilikuwa nakaa kwa shangazi yangu, mtaa wa Iringo, nikamwomba tumchukue. Shangazi aliuliza maswali mawili tu: kama anakula nguruwe, na kama anakoroma. Nyangeta akajibu kwamba nguruwe hajawahi kumwona, na kuhusu kukoroma waniulize mimi baadaye. Akapewa nusu ya kitanda changu.

Chumba chetu kilikuwa na dirisha moja lililotazama ua wa jirani aliyekuwa fundi viatu, na mwaka ule alikuwa anakata ndala kwenye matairi ya magari kutwa nzima. Harufu ya mpira ilikuwa ndiyo manukato yetu. Sare tulizifua kwa majani ya mpapai, zikatoka safi ila na rangi kidogo ya majani. Tulikula ugali wa mahindi ya njano, ule ambao watu waliununia lakini hakuna aliyeuacha sahanini, kwa dagaa au kwa furu, samaki wadogo wa ziwani wenye miiba mingi kuliko nyama. Chai ilikuwa ya sukari guru, siku ikipatikana. Ukuta kati yetu na chumba cha shangazi haukufika darini, kwa hiyo kila alichomwambia mumewe tulikisikia. “Huyo msichana anakula kama anapakia lori,” alisema usiku mmoja. Kesho yake nilimwona akimwongezea Nyangeta kichwa cha sato, akamsukumia sahani bila kumtazama usoni. Nimekutana na watu wengi wakarimu maishani, wachache sana walikuwa wanaona aibu ya ukarimu wao kama shangazi.

Mwalimu wetu wa biolojia aliitwa Bwire. Maabara ilikuwa na makabati mazuri ya mninga yasiyo na kitu ndani, na kitabu cha kiada kilikuwa kimoja, chake. Siku ya somo la mzunguko wa damu aliingia darasani na karai lililofunikwa kwa jani la mgomba. Ndani mlikuwa na moyo wa ng'ombe pamoja na mishipa yake, ameuomba buchani asubuhi hiyo. “Kateni kwa adabu,” akatuonya, “hiyo ni mboga yangu ya jioni.” Darasa zima likacheka, lakini hakuwa anatania. Alikata vipande viwili vya mshipa akavisimamisha mezani. Kimoja kilibaki kimesimama, tundu lake duara, kama kipande cha bomba. Kingine kililala hapo hapo kama soksi iliyovuliwa. Akatuita mmoja mmoja tuingize kidole. Ateri ilikibana kidole changu, na nilipoivuta ikarudi. Vena haikunibana wala haikurudi, ilikuwa laini, haina ubishi. Halafu akamimina maji ndani ya vena kutoka upande mmoja, yakapita. Akaigeuza, akamimina tena, maji yakagoma katikati. Akaipasua kwa wembe akatuonyesha vikombe vidogo vya ngozi nyembamba: zile ndizo vali, zinazoizuia damu isirudi ilikotoka.

Alikuwa na tabia moja iliyotuudhi. Ukimjibu sawasawa, hakukupa alama. “Ukuta wa ateri ni mnene,” ungesema. “Kwa sababu gani?” angeuliza, na ungebaki umesimama mpaka upate sababu. Kwa sababu moyo unasukuma damu kwa nguvu kila unapopiga, na ukuta mwembamba ungepasuka. Una misuli na una mnyumbuko kwa sababu gani? Kwa sababu unatanuka moyo ukisukuma, na unajirudi moyo ukipumzika, kwa hiyo damu haisimami. Vena ina ukuta mwembamba kwa sababu gani? Kwa sababu damu ikifika huko msukumo umekwisha njiani, na ukuta mnene ungekuwa hasara tu. Ina vali kwa sababu gani? Siku ile Nyangeta alisimama muda mrefu kuliko wote, si kwa kukosa jibu, bali kwa sababu alikuwa amegeuka kuwa mwalimu. “Mwalimu,” alisema, “kwetu ng'ombe anafungwa kamba shingoni, mshipa unavimba, anapigwa mshale, damu inatoka, kamba inafunguliwa, damu inakata. Haafi. Kwa sababu gani?” Mwalimu Bwire alikaa juu ya meza yake akafikiri. “Kwa sababu kamba inaibana vena tu,” akasema hatimaye. “Ateri iko chini na ngumu, inaendelea kupeleka damu kichwani. Damu inafika kichwani, lakini njia ya kurudi imefungwa. Vena inajaa. Ukiifungua kamba, damu inapata njia yake, shimo linatulia.” Akashuka mezani. “Babu zenu walijua ateri na vena kabla ya aliyeandika hiki kitabu,” akasema, akafunika moyo wake kwa jani.

Miezi michache baadaye dereva wa lori la pamba alimletea Nyangeta habari kutoka nyumbani. Wezi wa mifugo walikuwa wamepita na zizi lote, amebaki ng'ombe mmoja aliyekuwa kachelewa malishoni. Na mama yake amejifungua mtoto wa kiume, lakini amepoteza damu nyingi. Baba yake alikuwa amefariki kabla mtoto hajazaliwa, nyumba ilikuwa chini ya baba yake mdogo, Wanzagi. Likizo fupi ilikuwa inaanza, nikaomba ruhusa nimsindikize. Shangazi alinifungia mikate ya mchele kwenye kitambaa. “Ukifika huko usinywe damu,” akaniambia mlangoni. Nikamwambia wanakunywa ya ng'ombe tu. “Hata ya ng'ombe, Zuhura,” akasema kwa ukali, halafu akamshika Nyangeta bega. “Na wewe mpe mama yako pole yangu. Mwambie kwetu hapa hujakonda.”

Nyumba ya kina Nyangeta ilikuwa na vyumba viwili na jiko la nje, miamba mikubwa nyuma yake, na zizi tupu mbele. Zizi tupu linanuka tofauti na zizi lenye ng'ombe. Sijui kulieleza zaidi ya hapo. Mama yake alikuwa amelala na mtoto kwenye ngozi, viganja vyake vyeupe kama karatasi. Zahanati walikuwa wamempima, wakamwambia anahitaji vidonge vya kuongeza damu, na kwamba vidonge hakuna. Tulikula ugali wa mtama na maziwa ya mgando, na jioni ile ile, tukiwa tunaosha vyombo nyuma ya jiko, tulimsikia baba mdogo akiongea na mama ndani.

“Nimeongea na yule wa Manyamanyama,” alisema. “Ng'ombe anazo, mashine yake inasagaga hata mafuta yakikosekana mji mzima. Yuko tayari kutoa mahari wakati wowote.”

“Amebakiza mwaka mmoja tu wa shule huyu mtoto,” mama akajibu. Sauti yake ilikuwa chini.

“Shemeji, mwaka haukamuliwi. Huyu Baka akiwepo, mtoto atakunywa maziwa, na Nyangeta atarudi shuleni, mimi sitamzuia. Baka akifa, kuna njia gani nyingine? Niambie wewe.”

Baka ndiye ng'ombe aliyebaki, mwekundu mwenye doa jeupe kifuani. Nyangeta aliendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa imekwisha kutakata. Mimi nilimkasirikia sana yule mzee, kwa hasira rahisi ya mtoto wa mjini. Leo nikikaa na kuhesabu midomo iliyokuwa inamtegemea, nakosa jibu ambalo ningempa.

Asubuhi baba mdogo aliamua mama apewe damu ya ng'ombe anywe, kama anavyopewa kila mzazi huko. Siku za kawaida zizi likiwa limejaa, ng'ombe wanapokezana, aliyetolewa damu anapumzishwa miezi. Mwaka ule hapakuwa na wa kupokezana naye. Baba mdogo alikuwa fundi wa kazi hiyo, aliitwa mpaka vijiji vya mbali. Mshale wake ulikuwa mfupi, na nyuma kidogo ya ncha ulizungushiwa kizuizi, ili uingie kiasi cha ukucha na usipite hapo. Kizuizi cha zamani cha kano za ng'ombe kilikuwa kimelika. Kwa kuwa hapakuwa na ng'ombe wa kuchinja wala kano mpya, alikuwa amefunga badala yake utepe wa mpira wa tairi la baiskeli. Nakumbuka aliuvuta kwa kidole kuupima, akaridhika.

Vijana wawili wa jirani walimshika Baka pembe na pua. Baba mdogo akafunga kamba ya ngozi chini shingoni, akaikaza, akaupapasa mshipa ulivyokuwa ukijaa. Ulisimama mnene kama kidole gumba, na kwa kweli ulikuwa mzuri kuutazama, nikaona somo la Mwalimu Bwire likipumua mbele yangu. Nyangeta alikuwa amepiga goti na kibuyu. Mzee akarudi hatua, akavuta upinde mdogo, akaachia. Niliona utepe wa mpira umeteleza nyuma kwenye mti wa mshale, na mshale umezama kupita pale ulipotakiwa.

Alipouchomoa, damu haikumwagika. Iliruka. Ilitoka nyekundu ya kung'aa, ikaruka, ikapungua, ikaruka tena, ikampiga Nyangeta kifuani. Baba mdogo alifungua kamba haraka, kama mkono wake ulivyozoea, akasema, “Itakata sasa hivi.” Haikukata. Akakaza kamba tena, akafungua tena. “Hii damu inakataaje kusimama?” akauliza, na kwa mara ya kwanza nikasikia hofu kwenye sauti yake. Mimi nilikuwa nimeganda kando ya uzio. Kilichotoka mdomoni mwangu kilikuwa cha darasani kabisa: “Ni ateri! Inatoka kifuani, inakwenda kichwani! Bana upande wa kifua!” Nyangeta alitupa kibuyu. Akasukuma vidole gumba viwili ndani ya shingo ya Baka, kimoja juu ya tundu na kingine chini yake kuelekea kifuani, akaegemea kwa uzito wake wote, na damu ikaacha kuruka.

Baba mdogo alikwenda kuleta kisu. Simlaumu hata kwa hilo. Ng'ombe akichinjwa angali hai, nyama inaliwa na ngozi inapata kazi. Akifa mwenyewe, kila kitu kimepotea. “Toka, mwanangu,” akamwambia. “Tumchinje kabla hajatuacha hivi hivi.”

“Sitoki.”

“Nyangeta, mshipa wa ndani haufungwagi na vidole.”

“Una misuli,” akasema, uso umebandikwa kwenye manyoya. “Shimo ni dogo. Utajikaza wenyewe nikiushikilia.” Halafu akamtazama moja kwa moja, jambo ambalo binti wa pale hamfanyii baba yake mdogo. “Baba mdogo, niliwasikia jana. Nikiachia, ninaolewa.”

Wale vijana waliomshika Baka waliinamisha macho. Mama yake alikuwa ametoka, amejishikiza kwenye mlango wa nyumba, mtoto mkononi. Baba mdogo alikichomeka kisu chake kwenye paa la jiko, akaenda akakaa chini, akakikumbatia kichwa cha Baka mapajani na kuanza kumsemesha kwa lugha yao, polepole, kama anayembembeleza mtoto mwenye homa. Jua lilipanda. Vidole vya Nyangeta vilikufa ganzi, akaniita nimshikilie mikono kwa juu, nami nikabana juu ya vidole vyake, na chini ya vidole vyote hivyo nilikisikia kile kitu kigumu kikipiga, kikipiga, kinataka njia. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Hatukuachia. Alipoinua kidole kimoja hatimaye, palitoka tone moja jeusi, likaganda.

Baka alivimba shingo upande mmoja akawa hatazamiki, akakataa malisho, halafu siku ya pili akaanza kunywa maji kama amelipiwa. Maziwa yalipungua lakini hayakukatika. Kibuyuni, pamoja na kutupwa, ilikuwa imebaki damu kiasi, na jirani mmoja akauliza kama damu iliyotoka kwenye mshipa usiofaa inanyweka. “Damu ni damu,” mama Nyangeta akasema, akachanganya na maziwa akanywa yote. Akanikaribisha mimi kwa mzaha, nikamwambia shangazi yangu ana masikio marefu. Baba mdogo alichoma moto ule utepe wa mpira. Kabla hatujaondoka alikwenda kwa miguu mpaka Bunda, Manyamanyama, na aliporudi alimwambia mama, mbele yetu safari hii, “Nimemwambia ng'ombe yupo.” Nyangeta alirudi Iringo na nusu yake ya kitanda.

Tulimweleza Mwalimu Bwire yote. Alisikiliza akiwa amefumba macho, na alipofumbua akauliza swali moja. “Shimo lilijifunga kwa sababu gani?” Nyangeta akajibu, misuli ya ukuta, mwalimu, na damu kuganda, na vidole. Kwa mara ya kwanza mwaka ule akampa alama zote bila kumsimamisha. Miaka ilipogeuka, sabuni zikarudi madukani, mitumba ikajaa sokoni, kila mtu akawa na biashara ya kitu fulani. Nyangeta alisomea ukunga, akazalisha watoto wa nusu ya Bunda, wakiwemo wajukuu wa yule bwana wa mashine. Aliolewa alipotaka, na mtu aliyemtaka. Mimi nikabaki na chaki. Naamini hata leo kwamba ateri na vena hazishindani ubora, kila moja imeumbwa kwa mzigo wake. Ila sikujua, mpaka siku ile hospitalini, kwamba ule mshipa mpole ukibebeshwa mzigo wa mwingine unaweza kuota ukuta.

Mashine ilipomaliza, nesi alikuja kuchomoa sindano. Ilikuwa zamu ya watu wachache na wagonjwa wengi. Akakunja kipamba juu ya tundu, akanitazama. “Mama, naomba ubane hapa mpaka nirudi. Bana kabisa. Huu mshipa wake una nguvu, ukilegeza utaruka.” Nikaweka kidole gumba. Chini yake ulikuwa unanguruma, unataka njia, na nilihisi ule woga wa zizini ukinirudia, haujazeeka hata kidogo. Nilimtazama rafiki yangu, amekuwa mdogo kwenye kile kiti kirefu, viganja vyeupe kama vya mama yake, na nikajua kwamba sitaki kabisa kubaki bila yeye. Nadhani aliona. Alifumbua jicho moja.

“Zuhura,” akasema, “ukiachia, ninaolewa.”

Tulicheka mpaka nesi akatugombeza kutoka upande wa pili wa chumba. Aliporudi na kuniambia inatosha, nilimwomba aniache nibane kidogo zaidi.